Nilimwambia mama mkwe "nyamaza" mbele ya wageni. Nani hana adabu?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzaliwa wa Nairobi, mtaa wa Umoja, na huu ni mwaka wa nne tangu niolewe Tanga. Mume wangu tulikutana alipokuwa akifanya kazi kule kwetu. Nilisilimu, tukafunga ndoa, na kazi yake ilipoisha tukahamia kwao Ngamiani, nyumba moja na wazazi wake. Tuna mtoto mmoja wa miaka miwili. Tunaye pia dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Lushoto, aliyekuja kunisaidia nilipojifungua.

Tangu nifike huku, kesi yangu ni ulimi. Siku ya kwanza nilimwambia mama mkwe "Sasa, mama?" kwa sababu nilikuwa na furaha ya kumwona. Akanitazama, akamtazama mwanawe. Siku ya pili nikauliza mbele ya shemeji zangu, "Choo iko wapi?" Tukiwa kwenye chakula, nikisema "nipe chumvi" naona watu wanaacha kutafuna. Wifi yangu alipopata mtoto nikawaambia majirani wifi amezaa, nikajibiwa kwamba wanaozaa ni mbuzi. Kuna binti wa jirani, huyo nilimuuliza wazi kama ana mimba, kwa nia ya kumpongeza. Lile la mimba ndilo lililovuma mtaani.

Nimejitahidi, Mama. Leo nasema naomba hata dukani ninapolipa kwa pesa yangu. Nabisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Nasema msalani. Lakini jina nililopewa mwanzo limebaki. Mgeni akija, mama humwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Huyu wetu ana moyo, ila adabu hakufunzwa."

Sasa nikueleze lililotokea. Baba mkwe alifariki, Mungu amrehemu, na siku ya arobaini yake tukasoma hitima nyumbani. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye majamvi. Mama alikaa chumbani kwake, mlango ukiwa wazi kwa sebule, kwa kuwa siku hizi hatoki nje. Pilau ilipoiva, binti wetu alibeba sinia la kwanza kutoka uani, akapita sebuleni kuelekea mlango wa mbele. Alikuwa katika siku zake na hakujua kuwa gauni limeingia doa. Mimi nilikuwa nyuma yake na birika la kunawisha, nikaliona. Kabla sijafungua mdomo, mama alisema kutoka chumbani, kwa sauti ya kusikika na nyumba nzima: "Binti, kunradhi, hebu tafadhali rudi ukajitazame nyuma. Usituaibishe mbele ya waungwana."

Wanawake wote waligeuka. Wawili watatu walicheka chini chini. Binti alisimama katikati ya sebule na sinia kichwani, mikono yote miwili juu, hawezi kujishika, hawezi kujifunika. Machozi yalikuwa yanamshuka na mchuzi unamwagika begani. Nilivua khanga yangu ya mabegani nikamfunga kiunoni, nikalipokea sinia. Nikageuka kule chumbani nikasema, "Nyamaza, mama! Hata wewe ni mwanamke."

Nyumba ilikuwa kimya kama hakuna mtu.

Wiki ya tatu sasa mama hajala chakula nilichopika. Anapikiwa na wifi. Akitaka kuniambia kitu anamtuma mtoto wangu ambaye hata kusema hajui vizuri. Mume wangu ananiambia kila usiku, "Mwombe radhi yaishe." Binti aliifua ile khanga, akaikunja, akaiweka kitandani kwangu bila kusema neno. Tangu siku hiyo haji sebuleni kukiwa na watu, na amesema mwisho wa mwezi anarudi kwao.

Swali langu, Mama. Nikiomba radhi, si nitakuwa nimesema alichofanyiwa yule binti ni sawa? Na hiyo adabu ninayoambiwa sina ni nini hasa, ikiwa mtu anaweza kusema kunradhi na tafadhali, na bado akamvua mwenzake nguo mbele ya watu?

Mkaza mwana, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na khanga, kwa sababu ndiyo iliyonishika katika barua yako. Ulipomwona binti katika hali ile hukutafuta neno la kusema. Ulivua cha kwako ukamfunika. Kwa Kiswahili tendo hilo linaitwa stara, na adabu zote unazoambiwa huna zimezaliwa humo. Kumsitiri mtu ni kuifunika aibu yake ili wengine wasiione, na yeye asione kuwa imeonekana. Kwa hiyo kwenye sehemu hiyo ya siku ile usiombe radhi kwa mtu yeyote, wala asikutishe mtu kwamba ulikosea.

Mimi nililelewa Pangani na bibi mzaa mama. Bibi alikuwa hatumi sahani kwa jirani mpaka aifunike kawa, hata kama nyumba yenyewe ni ya pili na hakuna nzi. Siku moja nilitoka mbio na sahani ya muhogo wa nazi bila kawa, akaniita nikiwa nimeshafika nusu ya njia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba wapita njia wakiiona sahani, wataiona na njaa ya anayepelekewa. Akafunika, nikaenda. Nilikuwa na miaka saba au minane, na tangu siku ile kila ninaposikia mtu akichagua neno la staha, naiona ile kawa.

Maana maneno yetu ya adabu ni makawa. Mtu wa pwani akitaka kutaja jambo chafu, huanza na "Hashakum, si matusi." Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kuwatenga wasikilizaji na uchafu unaokuja kutajwa: mbali nanyi, nyinyi hamumo. Angalia linamfunika nani. Linamfunika anayesikiliza. Tunasema fulani amejifungua ili tusimweke zizini. Tunasema amefariki, ametutoka, hatunaye, ili aliyefiwa asipigwe mara ya pili kwa neno. Yule binti wa jirani uliyemuuliza kama ana mimba, pengine mume wake mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Pengine ilishaharibika mara mbili na alikuwa anaogopa kuitaja ya tatu. Ungesubiri akwambie, au ungemwombea heri bila kutaja cha nini, ungekuwa umemfunika. Nia yako ilikuwa njema, nakubali, ila sahani ilipita njiani bila kawa.

Sasa mtazame mama mkwe wako. Makawa yote alikuwa nayo mkononi: binti, kunradhi, tafadhali. Kisha akayatumia kufunua. Hapo umemwona vizuri, na swali lako la mwisho ni swali la haki. Maneno laini hayamfanyi mtu kuwa na adabu kama kisu ni kile kile.

Lakini umwone na upande wa pili. Kumzuia binti ilikuwa sahihi. Bila sauti ya mama, angetoka na lile sinia mpaka chini ya turubai, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, na aibu ingekuwa kubwa mara kumi. Mama aliona hatari akaikimbilia. Alichokosea ni njia. Bibi yangu angesema, "Mwanangu, weka hilo sinia kwanza, naomba unisaidie dawa yangu humu chumbani." Dawa isingekuwepo. Binti angeingia, mlango ungefungwa, angeambiwa sikioni, angepewa nguo ya kubadili, na sinia lingebebwa na mwingine. Hakuna mtu pale sebuleni ambaye angejua hata baada ya miaka 20. Ufundi huo mama mkwe wako anao, nina hakika, kwa sababu mtu wa kusema kunradhi kwa wepesi ule amefunzwa. Kwa nini siku ile haukumjia? Nitarudi hapo, maana kuna jambo umeliandika ukalipita.

Kwanza tumalize habari ya "nipe".

Wapo watu huku kwetu wanaosema Wakenya hawana adabu, na mimi sijawahi kulipenda neno hilo. Kiswahili cha Nairobi kimekulia sokoni, kwenye matatu na kwenye mijengo, kati ya watu waliokuja na lugha zao za nyumbani na kutafuta neno la haraka la kuelewana. Kule mtu akisema "nipe soda" hamdharau muuzaji, na muuzaji hajisikii kudharauliwa. Heshima yao wanaiweka kwenye sauti, kwenye kusalimiana kwa mkono, kwenye kumpisha mzee akae. Mtanzania anayefika Nairobi na "naomba" zake halafu akamzunguka mtu kwenye biashara, hajawazidi kwa adabu.

Hata hivyo usiidharau "naomba" kwa sababu ilikuumiza. Ina maana yake. Ukisema "nipe", umeshaamua kwamba kitu ni chako na mkono wa mwenzio ni wa kukuletea. Ukisema "naomba", hata kama pesa unayo mkononi, umemwachia mlango wa kukwambia hapana. Ndiyo maana tunasema "naomba unisaidie chumvi" kana kwamba chumvi ni mzigo mzito. Unamwambia aliye karibu nayo kwamba umeona anainua mkono kwa ajili yako. Na kama "naomba" inakuchosha ulimi, kuna njia ambayo hata kitenzi chenyewe kinakusaidia: badala ya "niletee", sema "uniletee". Herufi moja hiyo inalainisha amri ikawa ombi. Wewe umeshajifunza haya, nakuandikia ujue tu kwamba hukujifunza mapambo.

Tena kuna maneno mengine uyachukue kwa furaha, kwa kuwa hayapatikani kila mahali. "Pole na kazi", kwa fundi, kwa mfagiaji, kwa mama anayekaanga vitumbua alfajiri. "Starehe", unapoingia na mtu akataka kukuinukia. Na hodi ikipigwa mara tatu bila jibu, mtu anaondoka zake, hata kama anasikia redio ndani. Aliyemo ana haki ya kutokuwemo.

Lakini kuna mahali kawa inatumika kuficha sahani iliyooza, na hapo mimi nakuwa mkali kuliko hata watu wa Nairobi. Tanzania tulikuwa na neno zuri, takrima, la kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 likaingizwa katika sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu hicho mwaka 2006. Kwa miaka hiyo neno la ukarimu lilifanywa vazi la rushwa, na mpaka leo ukilisema mbele ya wazee wanaguna. Na lipo baya zaidi. Mtoto anaharibiwa na mtu mzima, na watu wa nyumba wanasema "amechezewa". Amechezewa nini? Neno hilo linamfunika nani? Mtoto halimfuniki hata kidogo. Ukifika kwa daktari, au kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, adabu yote iko katika kusema kitu kwa jina lake, wazi, mara moja, ili askari aandike anachopaswa kuandika. Ndiyo maana ninapopima neno la staha nauliza swali moja tu: linamsitiri anayeumia, au linamsitiri aliyeumiza?

Mama mkwe wako alitaja waungwana, nami nisilipite. Zamani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Mwungwana alikuwa na haki ya stara. Mtumwa aliweza kuitwa kwa sauti, kutumwa, kuvuliwa, kutazamwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na huku Tanganyika mwaka 1922. Neno likabaki, na ni vizuri lilibaki, kwa sababu watu walilichukua wakalifanya la tabia: leo hata kondakta wa daladala akitaka abiria wasogee husema, "Waungwana, naomba tubanane kidogo." Lakini katika nyumba zetu nyingi ukuta wa zamani bado umesimama, na anayekaa upande wa pili siku hizi ni dada wa kazi. Watoto wanamwita dada, kisha wanamwambia "we dada, lete maji" kwa sauti ambayo dada yao wa tumbo moja wasingethubutu kumtolea. Vijana wa Dar wanamwita beki tatu. Kwenu Nairobi mnamwita mboch. Mimi nilikua wakati nchi nzima ilikuwa inaitana ndugu, mkurugenzi na tarishi wake, na najua vizuri kwamba ndugu wengi walibaki na njaa yao. Lakini angalau neno lilikuwa linatusuta.

Kwa hiyo muulize mama siku moja, kwa upole na kwa wakati wake: katika sebule ile, binti wa Lushoto hakuwa mmoja wa waungwana?

Siyo leo. Leo kuna jambo lile ulilolipita.

Umeandika kwamba siku hizi mama hatoki nje. Mwanangu, mama yuko eda. Wewe umesilimu ukubwani, pengine hukuambiwa sawasawa. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Alikuwa siku ya 40 tangu afiwe na mwanamume aliyelala naye chumba kimoja maisha yake yote. Mlango wa chumba hicho uko wazi, sebule yake imejaa watu wanaosoma hitima ya mumewe, anasikia sufuria zikigongana uani na yeye hawezi kwenda kuangalia kama pilau imetosha. Kila kinachobebwa kupita mlango ule kinabeba jina la mumewe. Mtu wa namna hiyo anaogopa aibu kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu. Sisemi haya kuufuta ubaya wa alichomfanyia binti. Lakini uliuliza maswali mawili juu ya adabu na hukuuliza hata moja juu ya huzuni yake, na yeye anakaa chumba cha pili.

Na neno ulilomtupia, je, unalijua? Siku ya msiba, wanawake walipokuwa wamemkumbatia, walikuwa wanamwambia, "Nyamaza, mama, nyamaza, ni kazi ya Mungu." Ni neno la kumfuta mtu machozi. Siku ya 40 likamrudia kutoka kwa mkaza mwanawe, nyumbani kwake, mbele ya wanawake wale wale, likiwa jiwe. Naamini ndilo analolihesabu wiki tatu hizi. Khanga, nafikiri ameshaisamehe zamani, kama siyo siku ile ile.

Basi fanya hivi. Anza na binti, kwa kuwa yeye ndiye anayedai zaidi na ndiye asiye na wa kumdaia. Usimwite sebuleni. Mfuate anapofua au anapomenya, kaa naye chini, mshike kazi mkono mmoja. Mwambie, "Mdogo wangu, siku ile ulifedheheshwa nyumbani kwetu, na mimi ni wa nyumba hii, naomba unisamehe." Usimwambie "sahau". Usimtetee mama kwake wala usimseme mama kwake. Akilia, mwache alie. Kisha mpe likizo yake. Umeandika alikuja ulipojifungua, na mtoto sasa ana miaka miwili. Je, amewahi kwenda kwao kwa likizo yenye malipo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 za likizo ya malipo kila mwaka, na dada wa kazi ni mfanyakazi. Mlipe mshahara wake na nauli, aende Lushoto akalale kwa mama yake, aamue kule, mahali asipotazamwa na mtu. Akirudi, amerudi kwa hiari yake. Asiporudi, msimpigie simu za kumlaumu.

Halafu mama. Nenda asubuhi, akishamaliza kusali na bado hajapata mtu wa kuzungumza naye. Piga hodi, hata kama mlango uko wazi. Kaa kwenye mkeka, yeye akiwa kitandani. Mwamkie. Mwambie, "Mama, nimekuja kuomba radhi kwa neno nililokwambia siku ya arobaini ya baba. Nilikukosea." Unyamaze hapo. Usiongeze "lakini". Usitaje khanga, usitaje binti, usitaje waungwana. Unaomba radhi kwa neno moja, kwa mtu aliyefiwa, na jambo la binti linabaki mahali pake, zima, halijapunguzwa hata chembe. Hofu yako kwamba radhi itakubali kila kitu inatoka hapa: umeyafunga mambo mawili kitambaa kimoja. Yafungue.

Anaweza kukujibu "nimekusamehe". Anaweza kugeukia ukutani. Ukishasema umesema. Mpikie uji kesho yake kama kawaida, uupeleke umefunikwa, uuache. Asipounywa, chukua bakuli bila maneno, na keshokutwa tena. Usimtumie mtoto, wala usikubali atumiwe. Mama akimtuma, nenda mwenyewe uitike, "Abee, mama." Kama kuna wifi anayempikia na mnaelewana, mshukuru mbele ya mama kwa kumtunza, kwa sababu anastahili.

Mume wako nina neno naye pia, naomba umsomee hapa. Mwanangu, unataka yaishe, na nyumba yenye kimya si nyumba iliyopatana. Mke wako atakwenda kuomba radhi kwa sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni yako. Wewe ndiye mtoto wa mama, wewe ndiye unayeweza kukaa miguuni pake jioni moja ukamwambia kwamba yule binti anahama na kwamba amehama kwa sababu ya siku ile. Mwambie wakati anamkumbuka baba, kama baba alikuwa mtu wa kuwaonea huruma wadogo. Mwombe, kabla binti hajapanda basi, amwite chumbani kwake amkabidhi chochote kwa mkono wake mwenyewe, sabuni, udi, shilingi elfu tano, amwambie "safari njema, mwanangu". Hatahitaji kusema zaidi. Binti ataelewa na wanawake wa sebuleni watasikia. Kumtuma mkeo akusemee hili ni kumpeleka apigwe mara ya pili.

Mazungumzo makubwa, ya nani ni mwungwana na dada wa kazi anakaa wapi wageni wakija, yaweke mpaka mama atoke eda. Bado ana zaidi ya miezi miwili. Ukiona siku hiyo imefika na yametulia, yaanzishe wewe, kwa "naomba".

Mwisho ile khanga. Khanga huuzwa kwa doti, na nadhani kipande kimoja kimebaki sandukuni kwako, na hiki kingine binti amekirudisha kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa, kitu cha kuazima hufuliwa kikarudi. Mpe vyote viwili, iwe doti yake, wakati anafunga mizigo ya Lushoto. Ila kabla hujampa, vikunjue usome maandishi yaliyo chini. Kama ni kijembe, ibakize uvae mwenyewe, ukamnunulie nyingine sokoni, yenye jina la kumfaa.